Mtu Aliyesema Hajui, Kisha Akaenda Kupima

Jumatatu asubuhi nilipokea simu kutoka Kakuma. Aliyepiga ni mtaalamu wa maabara, mwanamke mzaliwa wa Kaaleng ambaye anafanya kazi katika chuo kimoja hapa Lodwar. Hakunisalimu kwa lile "Ejok!" lake la kila siku. Alisema tu, "Mzee, Ustaz ametuacha. Jana, akitoka kanisani." Nikamwuliza ametuacha kwenda wapi, kwa maana mtu huyo alikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga: leo yuko Lodwar, kesho yuko kambi ya wakimbizi ya Kakuma, keshokutwa unasikia ameonekana kisimani kwa watu huko kusini mwa kaunti yetu ya Turkana. Yule mama akarudia, "Ametuacha, mzee." Ndipo nikaelewa. Moyo ulikuwa umesimama njiani, baina ya kanisa na nyumba yake, na waliokuwa wakitembea naye walidhani amejikwaa.

Safu hii haitaji majina ya watu, na leo haitaanza. Nitamwita vile kambi nzima ilivyomwita: Ustaz, neno ambalo jirani zetu wa Sudan Kusini humwitia mwalimu, awe Mwislamu au awe, kama yeye, Mkristo wa kwaya mwenye sauti mbaya na bidii nyingi. Alisomea kemia kwao Sudan Kusini, akafanya kazi kwenye visima vya mafuta mpaka vita vikamng'oa. Alifika Kakuma na mkewe, watoto wake na begi moja la nguo, kama walivyofika wengi. Alifika pia na hasira, na hasira hiyo hakuitapanya kwa kupigana na watu. Alikofanya kazi, maji machafu yanayopanda kutoka ardhini pamoja na mafuta yalikuwa yakimwagwa katika madimbwi ya wazi. Ng'ombe waliyanywa. Baadaye kisima cha kijiji cha mama yake kikaanza kutoa maji yenye chumvi na ladha nyingine isiyojulikana. Mama aliuliza, na mkubwa mmoja wa kazi akaja mwenyewe kumwambia kuwa maji ni salama. Kijiji kilikunywa, kikaugua, kikahama. "Hakuna aliyekuwa amepima," Ustaz aliniambia. "Yule mtu hakusema uongo, ndugu mwandishi. Alisema kitu hajui. Hiyo ni mbaya kupita uongo, sababu mwongo angalau anajua ukweli uko wapi."

Nilikutana naye mara ya kwanza nilipokwenda kambini kuandika juu ya shule za sekondari. Nilielekezwa darasa lenye kelele kuliko yote. Nilimkuta amesimama mbele ya wanafunzi waliobanana kwenye madawati, mkononi ana chupa mbili za plastiki, kila moja ina maji ya sabuni. Katika moja alikuwa ametia unga mweupe kiasi cha ncha ya kijiko. Akazitikisa zote mbili kwa nguvu, zikajaa povu, akaziweka juu ya meza. Kisha akafundisha mambo mengine kabisa kana kwamba amezisahau. Kengele ilipokaribia kulia aligeuka. Chupa moja ilikuwa imebaki maji matupu. Katika ile yenye unga, povu lilikuwa bado limesimama hadi shingoni. "Kwa nini hii imekufa na hii inaishi?" aliuliza. Msichana mmoja akasema unga umeshika povu lisianguke. "Umeshika wapi?" Akajibu, "Kwenye ngozi ya povu, Ustaz." Alifurahi kana kwamba amepewa ng'ombe. Nilisahau nilichokuja kuandika, nikamfuata hadi hoteli ya chai ya Waethiopia karibu na soko, nikamwomba anieleze kisa cha ule unga.

Kisa chenyewe ndicho kilichojaza miaka yake ya mwisho, kwa hiyo nivumilieni nikieleze kama nilivyokielewa mimi nisiye mwanasayansi. Mafuta yaliyo chini ya ardhi ya Turkana hayakai katika ziwa, kama wengi wetu tunavyofikiri. Yamejificha ndani ya mawe, katika vitundu visivyoonekana, kama maji ndani ya sifongo. Tena yana nta nyingi. Ukiyatoa yakapoa, huganda kama samli. Ukichimba na kuvuta, sehemu kubwa hubaki humo humo mwambani. Njia mojawapo ya kuyasukuma ni kuingiza kwa nguvu hewa ya ukaa, ile ile inayotoka kwenye mabomba ya injini na viwanda na kulichosha anga letu. Hewa hiyo huyalegeza mafuta, nayo yenyewe hubaki chini ikichukua nafasi yao. Kwa hiyo unapata faida mbili: mafuta yanatoka, hewa mbaya inazikwa. Tatizo ni kwamba hewa ni nyepesi na ina haraka. Hupita njia rahisi, ikaruka vitundu vigumu, ikatokea upande wa pili ikiwa imefanya kazi kidogo sana. Dawa ni kuigeuza iwe povu, maana povu ni zito na hujisukuma hadi pembeni. Lakini kule chini kuna joto na chumvi, na povu la kawaida hufa mara moja. Ndipo unapoingia ule unga. Ni chembe za madini yale yale ya mchanga, ila ndogo mno kiasi kwamba hata darubini ya shule haizioni. Nilidhani zinasagwa. "Hazisagwi, zinapikwa," alinirekebisha, akainua kidole. "Hakuna jiwe la kusaga linaweza fika huko."

Wataalamu wanaziita nano. Mimi, kwa ugonjwa wangu wa lugha, nilimwambia tutafute neno la Kiswahili, tukabishana hadi chai ikapoa. Yeye hakutaka neno la kupendeza. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, kimechanganyika na cha Wakongo aliopakana nao na Kiarabu cha Juba, na ngeli zilimponyoka kama mbuzi zizini. Hata hivyo, nimewasikia maofisa wengi wa Lodwar wakieleza mambo yanayohusu maisha ya watu kwa Kiingereza safi, mbele ya watu wasiokijua, kisha wakaandika kwamba wananchi wameshirikishwa. Ustaz alikuwa akinipigia simu kuniuliza neno moja tu. "Mimi natafuta neno ya kuambia mama mwenye mbuzi, si ya kuambia profesa. Profesa ana maneno yake tayari." Mwishowe tulikubaliana kuziita chembe, basi. Chembe zilizotiwa kwenye povu.

Nilimwuliza pia swali ambalo najua baadhi yenu mnaliuliza sasa hivi. Nilimwambia, wewe unazika moshi ili utoe mafuta yatakayoleta moshi mwingine. Huoni unajikimbiza mwenyewe? Hakukasirika, ingawa alikuwa mwepesi wa kukasirika. Alisema, "Mafuta wataitoa, mimi niko ama siko. Hiyo sina nguvu ya kuzuia. Lakini wakitoa, basi moshi irudi chini na ikae. Na siku moja watu wakiacha mafuta, hii elimu ya kukalisha hewa chini itabaki. Siku hiyo tutazika tu, bila kutoa." Sikuridhika kabisa na jibu hilo, na nilimwambia. Naye alisema hata yeye halimtoshi, ila ndilo alilo nalo. Tunaoishi hapa tumeona mvua ikigoma miaka ikifuatana, kisha ikaja yote kwa siku chache ikabeba nyumba na mifugo. Mtu anayetafuta pa kuanzia, hata kama ni padogo, sikuwa na haki ya kumcheka.

Chuo cha Lodwar kilipopata nafasi katika mradi wa kujaribu chembe hizo, kilimchukua awe msaidizi wa utafiti, baada ya hangaiko refu la vibali vya kumruhusu kutoka kambini. Hapo ndipo alipoungana na yule mama wa Kaaleng, aliyekuwa msimamizi wa maabara. Walifanya kazi vizuri na kugombana vizuri. Katika mitungi ya chuma waliyotia mawe, joto na chumvi, povu lenye chembe lilisimama na mafuta yakatoka. Wageni wa mradi wakafurahi. Ikaitishwa baraza katika ukumbi mmoja mjini ili wananchi wa kusini, ambako jaribio la kwanza lingefanyika, waelezwe. Nami nilikuwepo, nimeketi nyuma na kalamu yangu.

Mkuu wa mradi alizungumza muda mrefu. Alipomaliza, alisimama mama mmoja mfugaji, shanga zimejaa shingoni, akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Nimesikia. Hiyo hewa mnataka kuzika chini ya malisho yetu, itakaa ama itarudi? Na hiyo unga mnaweka na yeye, ikipanda juu, itaingia kwa kisima yangu?" Mkuu wa mradi alitabasamu, akamwashiria Ustaz ajibu. Nadhani alimchagua kwa sababu ya upole wa uso wake. Ustaz alisimama. "Mama, hewa nitakuambia. Iko chini sana, juu yake kuna jiwe ngumu kama kifuniko, na tutaweka vyombo ya kuangalia kama inatoroka. Hiyo naweza kukuonyesha. Lakini chembe kuingia kisima, sijui." Mama akauliza, "Hujui aje? Si wewe ndiye mwenye kupika?" Akajibu, "Ndiyo mimi. Nimepima kwa mawe ya chini. Kwa mchanga wa kisima chako sijapima. Siwezi kukuambia ni salama."

Kelele iliyofuata mnaweza kuikisia. Wazee waliinuka, wengine wakatoka. Baada ya baraza nilimsikia mkuu wa mradi akimwambia pale kwenye veranda, "Tulikuleta uwatoe watu hofu, si uwaongezee." Ustaz akamwambia, "Nililetwa kueleza. Nimeeleza." Haukupita muda mrefu, nafasi yake ikaondolewa. Nilipompigia simu kumpa pole, aliniambia hana haja ya pole, ana haja ya mchanga.

Sikuelewa, mpaka nilipofika kambini na kukuta nyuma ya nyumba yake amesimamisha mabomba ya plastiki, yale ya kupitishia maji, yamefungwa kwenye nguzo kwa waya. Yule mama mfugaji alikuwa amemtumia magunia ya mchanga kutoka laga, ule mto mkavu ambamo kisima chake kimechimbwa, pamoja na jerikeni za maji ya kisima chenyewe. Vilikuja kwa lori hadi Lodwar, kisha kwa basi la kwenda Lokichoggio, linalopitia Kakuma. Ustaz alijaza mchanga kwenye mabomba, akamimina juu maji yenye chembe, akakinga kilichotoka chini. Mkuu wa idara pale chuoni, ambaye hakupenda jinsi alivyoondolewa, alikubali maji hayo yapimwe maabara. Yule mama wa Kaaleng akayapima. Kila mmoja wetu aliombea chembe zinase mchangani. Mchanga huchuja mengi. Kwa nini usichuje na haya?

Alinieleza mama wa Kaaleng jinsi alivyompelekea majibu. Alisafiri hadi Kakuma kwa sababu hakutaka kuyasema kwenye simu. Ustaz alimwangalia usoni, akasema kabla hajaambiwa, "Zimepita." Zilikuwa zimepita. Katika maji ya chumvi ya kule chini zilikuwa zikishikana na kukwama, lakini katika maji matamu ya kisima zilielea huru, zikapenya mchanga kama maziwa yanavyopenya chujio. Aliketi juu ya jerikeni, na maji ya kunywa aliyoletewa na mkewe hakuyagusa. Kazi ya miaka yake, ile iliyowafurahisha wageni, ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe alikuwa amelitafuta kwa mikono yake. Kisha akasema, "Kalas, imekwisha. Tunaanza tena. Lakini kwanza naenda kwa yule mama." Mwenzake akamshauri aanze na chuo, au na mradi, ndiyo kawaida. Akakataa. "Nani aliuliza swali? Aliyeuliza ndiye anajibiwa kwanza."

Nilifuatana naye safari hiyo ya kusini. Tulimkuta mama yule kisimani, akinywesha mbuzi. Alimaliza kunywesha kwanza, ndipo akatukaribisha chini ya kivuli cha boma lake. Ustaz hakuzunguka. Alimweleza kwa maneno yale tuliyoyatafuta pamoja, chembe, povu, mchanga, maji, na kwamba zikifika kisimani mchanga hautazizuia, na kwamba hajui zikinywewa zitafanya nini mwilini. Mama alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo ile siku ulikuwa hujui," alisema. "Sasa unajua, na ni mbaya." Ustaz akasema, "Ndiyo, mama." Mama akageuka, akaita watu wake kwa Kiturkana, na punde nikaona mbuzi akikokotwa. Nilishangaa, nikamwuliza inakuwaje mtu aliyeleta habari mbaya achinjiwe. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa kuelewa. "Wenye habari nzuri wamekuja wengi hapa. Hakuna mmoja alirudi. Huyu amerudi."

Baraza lililofuata sikulitambua. Mama huyo alisimama wa kwanza, na safari hii hakuuliza, alieleza. Alieleza chembe, mchanga na maji ya chumvi na maji matamu, mbele ya wageni, kwa lugha mbili. Akamaliza kwa kusema kwamba hakuna atakayetoboa ardhi yao mpaka chembe zipatikane zisizopita mchanga wao, na mpaka kila kisima kipimwe kabla, ili baadaye asije mtu akawaambia maji yalikuwa hivyo tangu zamani. Wazee waliunga mkono. Mkuu wa mradi alijitahidi kupinga, lakini chuo kilikuwa na majibu ya maabara mkononi na hakingeweza kuyakana. Jaribio likasimamishwa. Ustaz akarudishwa kazini, kwa sababu nani mwingine angelirekebisha? Alizivalisha chembe ngozi mpya, akajaribu, zikakataa kushika povu; akabadilisha tena, zikashika povu lakini zikapita mchanga. Niliwahi kumwona akipiga meza kwa ngumi na kumfokea kila aliyekuwa karibu, kisha jioni akiomba radhi mmoja mmoja. Mwaka huu ndipo walipopata zilizosimamisha povu katika joto na chumvi, na zilipoingia maji matamu zikang'ang'ania mchanga. Alinipigia simu asubuhi hiyo. Hakuniambia wameshinda. Alisema, "Kwa maabara zimekubali. Kwa ardhi, sijui bado."

Amekufa kabla ya kujua. Tumemzika Kakuma, katika udongo mkavu uliohitaji sururu, na kwaya yake iliimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba yeye. Baina ya watu wa kambi na wenyeji kuna maneno mengi, juu ya kuni, juu ya maji, juu ya nani anapewa nini, na sitajifanya kwamba hayapo. Lakini yule mama mfugaji alikuja kutoka kusini na wazee wa kwao, akasimama kaburini pamoja na mjane, wakashikana mikono ingawa hawakuwa na lugha moja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nimelisikia neno hilo likisemwa kwenye karamu kwa utani. Pale kaburini halikuwa utani. Mkimbizi asiye na ardhi hata ya kuzikiwa isipokuwa ya kuazima ndiye aliyesimama kulinda maji ya watu ambayo yeye hangeyanywa.

Mama wa Kaaleng sasa ndiye anayeongoza kazi ile. Baada ya mazishi nilimwuliza kama ataiweza. "Sijui," akasema, akafuta machozi, akacheka kidogo kwa kujisikia akisema neno lile la Ustaz. "Lakini visima vinaanza kupimwa wiki ijayo, na nitakuwepo mwenyewe. Hakuna kinachoanza kabla ya hapo, hata aje nani." Nilimwamini. Alisema hivyo kama mtu aliyekwisha kupanda lori.

Nasi tuliobaki tuna kazi. Katika kaunti yetu watakuja wengi, na waje: wa mafuta, wa upepo, wa maji, wa dawa, wa kura. Watakuja na picha nzuri na wataeleza wanachokijua. Tusiwafukuze, maana elimu si adui, na mtu huyu tuliyemzika aliipenda kuliko usingizi. Ila msikubali kikao kiishe kabla ya kumsimamisha mgeni na kumwuliza: ni nini usichokijua? Akitaja asichokijua, na akasema ataenda kupima, mpeni kivuli na chakula, hata akirudi na habari chungu. Akisema hakuna asichokijua, msimkabidhi kisima.